Makopo Sitini ya Rangi: Uchambuzi wa Kisa cha Mfungwa wa Zamani Aliyekabidhiwa Funguo za Stoo

Kuhusu kisa hiki

Majina, mahali, tarehe na kila alama inayoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Mhusika mkuu namwita Bwana M. Msomaji ajue mapema kwamba sikuwa mtazamaji wa pembeni: mwenye biashara aliniomba ushauri kabla ya kumwajiri, akaniita tena mambo yalipoharibika. Kosa mojawapo kati ya yale ninayoyachambua hapa niliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Usuli

Bwana M. alikuwa mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa. Kwa karibu miaka mitatu aliandika mikopo kwa majina ya wanachama ambao hawakuomba chochote, akachukua fedha hizo, kisha akafunika pengo la mkopo mmoja kwa mkopo mwingine. Wakaguzi walipombana alikiri yote, hata yale ambayo wao walikuwa hawajayafikia. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka sita na kumwamuru awalipe fidia wanachama walioathirika. Alitumikia miaka minne, akaachiwa mapema kwa masharti: katika muda uliosalia alitakiwa kuripoti kwa afisa wa uangalizi mara moja kila mwezi.

Alipotoka alikuwa na umri wa miaka 41. Alitafuta kazi kwa miezi tisa, na kila fomu ilipouliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani, alijibu ndiyo. Hakuna mahali alipoitwa hata kwa mahojiano. Jambo hili lisitushangaze. Mwaka 2003 mwanasosholojia Devah Pager alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya katika jiji la Milwaukee, Marekani. Aliwatuma vijana wenye sifa zinazolingana kuomba kazi za kawaida, wengine wakidai kuwa na rekodi ya jinai na wengine wakisema hawana. Miongoni mwa vijana Wazungu, asilimia 34 ya wasio na rekodi waliitwa, dhidi ya asilimia 17 ya wenye rekodi. Miongoni mwa Weusi, takwimu hizo zilikuwa asilimia 14 na 5. Kwa maneno mengine, rekodi ilipunguza nafasi ya mwombaji kwa nusu au zaidi, na wakati huohuo kijana Mweusi ambaye hajawahi kushitakiwa alikuwa nyuma ya Mzungu aliyetoka gerezani.

Mwajiri wa kisa chetu ni muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi mwenye wafanyakazi ishirini na kitu. Mtunza stoo wake alikuwa ameacha kazi ghafla, na kadi za stoo hazikuwa zimejazwa kwa wiki kadhaa.

Uamuzi wa kumwajiri

Tulikaa watu watatu: mwenye biashara, meneja na mimi. Meneja alipinga, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema kwamba mtu aliyefungwa kwa kupigana baa angemchukua bila kusita, lakini huyu aliiba kwa kalamu, na stoo ni mahali pa kalamu.

Nilimjibu kwa hoja ya muda. Watafiti Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walifuatilia rekodi za watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza katika jimbo la New York mwaka 1980, wakitafuta ni lini uwezekano wa mtu kukamatwa tena unashuka hadi kulingana na wa watu wengine wa umri wake. Kwa aliyekamatwa kwa unyang'anyi akiwa na miaka 18, ilichukua takriban miaka 7.7. Maana yake ni kwamba hatari ipo, lakini inapungua kila mwaka unaopita bila kosa jipya, na hufika mahali ambapo rekodi haituelezi tena lolote kuhusu mtu huyo. Nilikiri pia upande wa pili: takwimu za serikali ya Marekani juu ya wafungwa walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30 zinaonyesha kuwa asilimia 44 walikamatwa tena ndani ya mwaka wa kwanza. Kukamatwa si kutiwa hatiani, lakini takwimu hiyo inatosha kutuambia kwamba mwaka wa kwanza ndio mgumu kuliko yote. Bwana M. alikuwa bado ndani yake.

Mwenye biashara ndiye aliyeamua, na sababu yake haikuwa kati ya zile zangu. Alikuwa ameuliza swali moja tu katika mahojiano: "Ulianzaje?" Bwana M. alieleza kwamba alianza kwa kiasi kidogo alichokusudia kukirudisha mwisho wa mwezi, na kwamba mwisho wa mwezi ulipofika hakuna aliyegundua. Hakutaja mke, wala ugonjwa, wala shida. Mwenye biashara aliniambia baadaye kwamba wafanyakazi wote aliowahi kuwafukuza kwa wizi walikuwa na mtu wa kumsingizia.

Niliandika masharti. Bwana M. asishike fedha taslimu. Kila mzigo unaotoka usainiwe na mtu wa pili. Mali ihesabiwe kwa kushtukiza kila mwezi. Robo ya mshahara wake ikatwe na kupelekwa moja kwa moja kwenye fidia, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliomba. Na habari za kifungo chake zibaki kwa sisi watatu tu. Karatasi hiyo haikuwa na tarehe ya mwisho. Hakuna aliyeiulizia, nami sikuifikiria.

Miezi kumi ya kwanza

Sehemu hii ina machache ya kusimulia kwa sababu kazi ilikwenda. Alizijaza kadi za stoo upya, akahesabu hadi misumari iliyokuwa ikipimwa kwa makisio, akabandika karatasi kwenye kila rafu ikionyesha idadi ya chini inayopaswa kuagizwa upya. Hesabu za kushtukiza zilifanyika kila mwezi na hazikuonyesha upungufu wowote wa kuandikwa. Fidia ilikatwa mara kumi.

Siri kuvuja

Mwezi wa kumi na moja, karani wa mauzo alimtambua. Baadhi ya waliosimulia tukio hili walimwita mmbeya, na hapa ni lazima niwasahihishe. Mama yake alikuwa mwanachama wa kile chama. Jina la mama huyo lilikuwa mojawapo ya majina yaliyoandikiwa mikopo, na kwa karibu mwaka mzima aliandamwa na barua za kumdai deni asilolijua, hadi ndugu zake wenyewe wakaanza kumshuku. Karani alikuwa amefanya kazi mita chache kutoka kwa mtu huyu, akampa salamu za asubuhi, akamkabidhi oda za wateja, bila mtu yeyote kumwambia ni nani.

Alikwenda kwa meneja akauliza kama uongozi unajua. Meneja, akilinda siri tuliyokubaliana, akamjibu kwamba masuala ya ajira za watu hayajadiliwi. Jibu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa karatasi yangu. Karani alilielewa kwa namna moja tu: kwamba wanajua, na kwamba mama yake si kitu. Kufikia wiki iliyofuata hakuna mfanyakazi ambaye hakuwa na habari, kuanzia wapakiaji mizigo hadi mlinzi wa usiku.

Hesabu ya Ijumaa

Ndani ya wiki hiyohiyo ilifanyika hesabu ya kushtukiza. Kadi ilionyesha kuwa makopo ya rangi nyeupe ya aina moja yanapungua kwa 60. Walihesabu mara ya pili, sitini ileile.

Yaliyofuata yalichukua muda usiozidi nusu saa. Meneja alitoka ofisini, akamkuta Bwana M. mlangoni mwa stoo akiwa na wapakiaji wanne, akanyoosha mkono. "Funguo." Bwana M. alizitoa kiunoni, akazitenganisha na ufunguo wa nyumba yake uliokuwa kwenye pete hiyohiyo, kazi iliyomchukua muda kwa sababu pete ilikuwa ngumu, na watu wote wakasimama wakimtazama akihangaika nayo. Kisha akasema, "Hizi hapa, bosi. Naomba tu mhesabu na katoni." Alisimamishwa kazi bila mshahara siku hiyohiyo, akatakiwa aandike barua ya kujieleza.

Barua hiyo ninayo mbele yangu. Ina aya nne. Katika aya ya tatu anaandika kwamba mzigo wa mwisho wa rangi ulipokelewa siku ambayo yeye hakuwapo, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kuripoti kwa afisa wa uangalizi, na anaomba hati ya kupokelea mzigo huo ilinganishwe na idadi halisi ya makopo ndani ya kila katoni. Barua ilisomwa, ikapigwa mhuri wa kupokelewa, ikawekwa kwenye jalada. Hakuna aliyefanya alichoomba.

Siku ya nane, msaidizi wa stoo alikuwa akipanga mzigo mpya wa rangi ileile. Alifungua katoni, akakuta makopo manne. Siku zote yalikuwa sita. Akafungua nyingine: manne. Akarudi kwenye hati ya mzigo uliopita, aliyoijaza yeye mwenyewe, akakuta ameandika katoni 30 na pembeni, kwa mazoea, jumla ya makopo 180. Makopo yaliyoingia kweli yalikuwa 120. Msambazaji alikuwa amebadilisha ufungashaji bila kutangaza. Ofisi ya hesabu nayo ilikuwa imeona bei ya katoni imeshuka kwenye ankara, ikadhani ni punguzo, ikafurahi.

Msaidizi huyo angeweza kunyamaza. Kosa lilikuwa lake, na tayari kulikuwa na mtu wa kulibeba. Alikwenda kusema. Siku ya kumi na moja Bwana M. aliitwa kazini.

Matokeo

Alirudishiwa mshahara wa siku zile. Meneja alimwomba radhi ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Bwana M. alimshukuru, lakini alikataa kuzipokea funguo palepale. Alisema kwamba zilichukuliwa mbele ya watu, na angependa zirudishwe mbele ya watu haohao. Pia aliomba mlango wa stoo uwekewe kufuli mbili, kila moja na mtu wake, na utaratibu huo ubaki hata yeye akiondoka. Yote mawili yalifanyika, la kwanza kwa shingo upande.

Alifanya kazi pale kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa zaidi, akaondoka kwa hiari kwenda kwa mwajiri mwingine, ambako alieleza habari zake mwenyewe kabla ya kuulizwa. Fidia haijaisha, ila makato yanaendelea. Msaidizi wa stoo ndiye mtunza stoo sasa.

Uchambuzi: kilichofaa

Makato ya fidia ndiyo sehemu ya mpango huu ninayoweza kuitetea bila kusita. Watu wanaosema kwamba aliyeiba hastahili kazi, na watu wanaosema kwamba aliyeiba sharti alipe, mara nyingi ni walewale, na madai yao mawili hayawezi kutimizwa kwa pamoja. Asiye na kipato hana cha kulipia. Siku zile kumi na moja ambazo Bwana M. alikaa nyumbani bila mshahara, waliopunjwa pamoja naye walikuwa wanachama wa kile chama, akiwemo mama yake karani.

Masharti ya kikazi nayo yalifaa kwa kiasi chake. Hesabu ya kushtukiza ilifanya kazi yake: iligundua tofauti mapema, kabla haijazama katika mizigo mingine. Uzembe ulikuwa wa waliosoma majibu yake.

Uchambuzi: kilichoharibika

La kwanza ni siri. Nilidhani ninamlinda, na sheria kadhaa duniani zina wazo linalofanana na langu. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 1974 ina sheria inayoruhusu hukumu nyingi kuhesabiwa kuwa zimekwisha baada ya muda fulani bila kosa jipya, hivyo mtu halazimiki kuzitaja katika kazi nyingi. Lakini kufuta kwa muda na kuficha si jambo moja. Sheria ya namna hiyo hutangazwa kwa wote na ina kipimo. Siri yetu ilikuwa ya watu watatu ofisini, na siku ilipovuja iligeuka ushahidi dhidi yake: kama hana ubaya, kwa nini alifichwa? Tena ukificha habari, watu hawaachi kukisia. Watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kazi yapatayo 15,000 huko New Jersey na jijini New York, kabla na baada ya waajiri kukatazwa kuuliza kuhusu rekodi ya jinai kwenye fomu. Kwa waajiri walioondoa swali hilo, pengo la kuitwa kati ya waombaji Wazungu na Weusi lilipanda kutoka asilimia 7 hadi 43. Waajiri waliponyimwa jibu, walijaza pengo kwa rangi ya ngozi. Kwa kisa chetu, ningemshauri Bwana M. amwambie angalau msaidizi wake na wakuu wa idara, kwa maneno yake, katika wiki ya kwanza.

La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kasi ya meneja. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na hofu yake naielewa. Hata hivyo tujiulize: kama mtunza stoo angekuwa mtu asiye na rekodi, upungufu wa makopo 60 ungeanza kuchunguzwa wapi? Ungeanza kwenye hati ya mzigo wa mwisho, na ungekwisha kabla ya jua kuzama. Hapa uchunguzi haukufanyika kabisa kwa sababu maelezo yalikuwapo tayari, yamevaa sare ya mtunza stoo. Rekodi ya jinai iligharimu biashara hii siku kumi na moja za ujinga. Na kama makopo yale yangekuwa yameibwa kweli na mtu mwingine, mwizi huyo angekuwa amepata kinga ambayo hakuna kufuli inayoweza kumpa.

Kwa hiyo naona tulikosea kudhani kwamba nafasi ya pili tulimpa Bwana M. siku tuliyotia saini mkataba. Siku ile tulimpa kazi. Nafasi ya pili ilikuja kupimwa miezi kumi baadaye, kitu kilipopotea, na sisi hatukuwa tumejiandaa. Karatasi yangu ilieleza kwa kirefu yeye afanye nini ili aaminiwe. Haikuwa na mstari hata mmoja unaotueleza sisi tufanye nini kabla ya kumshuku. Leo ningeandika kwamba hakuna hatua ya nidhamu itakayochukuliwa kabla ya hati za mizigo mitatu ya mwisho kukaguliwa na mtu asiyehusika, na ningeandika hivyo kwa kila mtunza stoo.

La tatu ni ile tarehe niliyoisahau. Sharti lisilo na mwisho ni hukumu ya pili inayotolewa na mtu asiye hakimu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za matunzo ya wafungwa, zijulikanazo kama Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Baraza Kuu lilizipitisha katika sura yake ya sasa mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 90 kwamba wajibu wa jamii hauishii pale mfungwa anapoachiwa. Watu huisoma kama wito wa huruma. Mimi naisoma pia kama onyo kwetu tunaopokea, kwa kuwa kanuni hiyo inataka huduma za kupunguza chuki dhidi ya aliyeachiwa, na karatasi yangu, kwa kukosa tarehe, ilikuwa ikiichochea kwa upole. Bwana M. aliwahi kuniuliza, bila hasira, "Mzee, hii ya kutoshika fedha ni hadi lini?" Nikamjibu tutaona. Jibu hilo najuta kulitoa kuliko yote.

Kuhusu karani na mama yake

Methali isemayo kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, ilitajwa mara nyingi katika kikao cha kufunga suala hili, na kila ilipotajwa nilimwona karani akitazama mezani. Methali hiyo inamhusu mkosaji peke yake. Haina nafasi kwa mtu aliyeandamwa mwaka mzima kwa deni la uongo.

Mwenye biashara alikuwa na haki ya kutoa ajira, kwa kuwa ajira ni yake. Msamaha haukuwa wake kuutoa, wala wangu, ingawa sote wawili tulizungumza kana kwamba tumeutoa. Baada ya kikao tulimwuliza karani kama mama yake angependa kujua kwamba makato yanafanyika, na ni kiasi gani cha fungu lake kimeshalipwa. Alikaa siku mbili kabla ya kujibu. Mama alitaka kujua kiasi, hakutaka barua ya radhi, na hakutaka kuonana na Bwana M. Alipelekewa hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi moja, na tangu hapo hupelekewa nyingine kila baada ya miezi mitatu.

Karani aliendelea kumkabidhi Bwana M. oda za wateja hadi siku alipoondoka. Alikuwa akiziweka juu ya meza ya stoo na kugeuka. Wafanyakazi wawili walikuja kwangu wakitaka nimwambie alegeze moyo, kwa kuwa mwenzake ameshathibitishwa hakuiba rangi. Nilikataa kumwambia.